Sukari Iwekwe Mezani, Siyo Ndani ya Chupa ya Chai



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana, kidogo hata baadhi yenu mtacheka. Tunataka kuzungumza juu ya chupa ya chai.

Hapa kwetu Kigali, katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo, ni nyumba chache za Kiislamu zisizokuwa na chupa hiyo. Inajazwa asubuhi baada ya sala ya Alfajiri, inajazwa tena wakati wa Alasiri, na mgeni akipiga hodi saa yoyote anakuta kikombe chake kipo tayari. Jambo hili ni jema. Ukarimu ni katika sifa za Muislamu, na wazee wetu walitulea hivyo. Hatuandiki makala hii ili chupa iondolewe. Tunaandika ili sukari itolewe ndani ya chupa na iwekwe mezani, pembeni, kwenye bakuli lake, kila mtu ajitilie mwenyewe.

Ni hilo tu. Lakini tumejifunza kwa machungu kwamba hilo "tu" si dogo.

KIKOMBE TULICHOMIMINA WENYEWE

Katika familia yetu tuna shangazi ambaye sote tunampenda. Miaka kadhaa iliyopita aliambiwa ana kisukari, au diyabete kama wengi wanavyoiita huku kwetu. Alipewa vidonge, akapewa nasaha, akarudi nyumbani. Kwake alijitahidi. Alipika chai yake peke yake kwenye sufuria ndogo, bila sukari.

Taabu ilikuwa akitoka. Shangazi ni mtu wa watu. Akisikia mgonjwa, yupo. Akisikia msiba, yupo. Akisikia mtoto amezaliwa, yupo. Na kila nyumba anayoingia, chupa inafunguliwa. Chai imekwisha tiwa sukari tangu jikoni. Afanye nini? Akikataa, mwenyeji atajisikia vibaya. Akieleza ugonjwa wake, ataanza kuulizwa maswali mbele ya watu. Basi anasema, "Nipe kidogo tu." Nasi tunacheka, tunamwambia, "Shangazi, kikombe kimoja hakiui," na tunamimina mpaka juu.

Siku moja kandambili ilimkata kidole cha mguu. Hakusikia maumivu, kwa sababu kisukari kikikaa mwilini muda mrefu bila kudhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni. Kidonda kikakaa siku nyingi bila yeye kukijali. Alipofikishwa hospitali, madaktari wakaona hakuna njia ila kukata mguu chini ya goti.

Hatusemi kwamba vikombe vyetu ndivyo vilivyomkata mguu. Ugonjwa una sababu nyingi, na yote ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini tuliokaa naye wodini tulijiuliza swali moja ambalo hadi leo halijatutoka: je, kwa miaka yote ile tulimsaidia, au tulimfanya achague kati ya afya yake na heshima yetu?

TULIPOPIMA

Tuliporudi nyumbani tulifanya jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Tulimwomba mwenye duka la jirani atupimie kwenye mzani sukari tunayoitia kwenye chupa moja. Chupa yetu ni ya lita 2, inatoa vikombe kama 10. Sukari yake ilikuwa gramu 150.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Gramu 150 kwa vikombe 10 ni gramu 15 kwa kila kikombe, yaani karibu vijiko 4 vidogo vilivyosawazishwa. Mtu mzima wa nyumba yetu hunywa vikombe viwili asubuhi na kimoja jioni. Hizo ni gramu 45 kabla hajala andazi, kabla ya juisi, na kabla ya Fanta, jina ambalo hapa kwetu tunaiita soda yoyote ile.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri kwamba sukari ya kuongeza, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi sehemu 10 katika 100 ya nguvu anayopata mtu kwenye chakula chake kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hizo ni kama gramu 50. Na likasema kwamba kushuka hadi chini ya gramu 25 kuna faida zaidi. Sisi tulikuwa tunakaribia mpaka wa juu kwa chai peke yake.

Kwa chupa mbili kila siku tulikuwa tunatumia gramu 300, sawa na kilo 9 kwa mwezi. Mama wa nyumba aliposikia hesabu hii alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe tunanunua maradhi kwa kilo."

NIA IKO WAPI?

Tangu madrasa tumefundishwa kwamba amali hutegemea nia. Tunatia nia kabla ya kutawadha, kabla ya sala, kabla ya saumu. Sasa tujiulize: ile sukari iliyokwisha kukorogwa ndani ya chupa, ni nani aliyeitilia nia? Baba hakuulizwa. Bibi hakuulizwa. Mtoto wa miaka mitatu hakuulizwa. Mgeni mwenye kisukari, mwenye uzito mkubwa, au mwenye jino bovu, naye hakuulizwa. Mtu mmoja jikoni, kwa mazoea ya mkono wake, ameamua kwa niaba ya watu wote watakaoingia siku ile.

Sukari ikiwa mezani, mambo yanabadilika. Kila anayechukua kijiko anajua anachukua. Anayetia viwili, anajua ametia viwili. Anayetaka kupunguza, anapunguza bila kumwomba mtu ruhusa. Hapo ndipo tendo la kila siku linapogeuka kuwa tendo lenye nia.

Na hapa tunaona kosa ambalo wengi wetu tunalifanya tukitaka kubadili maisha. Tunaweka azimio kubwa: kuanzia kesho sili sukari, kuanzia kesho nakimbia kilomita tano. Siku ya nne azimio limekufa. Mwanadamu ameumbwa dhaifu, na azimio linalotegemea ushujaa wa kila saa halidumu. Mtume wetu (S.A.W) alitufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo. Kuhamisha sukari kutoka jikoni kwenda mezani hakuhitaji ushujaa. Unafanya mara moja, na kesho yake mpangilio wenyewe unakusaidia.

"WATU WATASEMA TUMEFILISIKA"

Tusidanganyane, halikuwa jambo rahisi. Siku ya kwanza bibi yetu aliionja chai, akaiweka chini, akauliza, "Nani amekufa?" Tulipomweleza, akakasirika zaidi. "Mnataka mgeni aje aseme nyumba hii imefilisika, hata sukari hawana?"

Tulimwelewa bibi. Yeye amekulia katika wakati ambao sukari ilikuwa kitu cha thamani, kinafungwa kwenye karatasi na kuletwa kama zawadi. Kumtilia mgeni vijiko vinne kulikuwa ni kumwambia, "Wewe una cheo kwetu." Ndiyo maana hatukugombana naye. Tulinunua bakuli zuri lenye kifuniko, tukalijaza mpaka juu, tukaliweka katikati ya sinia, pale ambapo kila mgeni analiona kabla ya kitu kingine chochote. Bibi akaridhika. Sukari ipo, tena inaonekana. Ukarimu haukupungua hata chembe. Kilichoondoka ni kulazimisha.

Na ladha? Hili nalo tulilishughulikia. Tuliongeza tangawizi, hiliki na mdalasini, na siku nyingine mchaichai au mnanaa. Chai yenye viungo ina utamu wake hata kabla ya sukari. Kisha kila mtu akapunguza polepole, nusu kijiko kila baada ya wiki moja au mbili. Ulimi huzoea. Baada ya wiki chache wengi wetu tulipokunywa chai ya zamani kwenye harusi tuliiona kama shira.

Baada ya miezi mitatu tulipima tena. Kutoka kilo 9 kwa mwezi tulishuka hadi kilo 4. Hatujawa malaika. Baba bado anatia vijiko vitatu, na anatutazama usoni wakati anakoroga. Lakini ni vyake, anavijua, na mwezi uliopita tumemwona akivifanya viwili na nusu.

TUYAWEKE SAWA MAMBO MANNE

Kwanza, tusimhukumu mgonjwa. Si kila mwenye kisukari amekula sukari nyingi. Iko aina ya kwanza ya kisukari, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, ambapo kinga ya mwili hushambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Hiyo haiji kwa kula peremende, na mzazi wa mtoto huyo asilaumiwe. Aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi, huja kwa mchanganyiko wa urithi, umri, uzito uliozidi na kukaa bila kuushughulisha mwili. Sukari nyingi, hasa ya kunywa, inachangia kwa kuongeza uzito, na pia inaharibu meno.

Pili, suala la asali. Kila tukizungumza haya, ndugu mmoja husimama na kusema, "Basi tutumie asali, ni dawa." Sisi tunaamini kwamba asali ni neema na ndani yake mna shifaa, kama Qur'an ilivyotufundisha. Lakini neema nayo ina kipimo. Asali hupandisha sukari katika damu, na hali kadhalika sukari guru na juisi ya matunda. Mwenye kisukari asimimine asali nusu kikombe kwa kisingizio cha dini.

Tatu, mgonjwa anayetumia vidonge au insulini asibadili dawa zake wala mpangilio wa chakula chake bila kuzungumza na daktari. Na kila mtu wa nyumbani ajue jambo hili: mgonjwa huyo akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa, huenda sukari yake imeshuka mno. Hapo, ikiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, apewe haraka maji yenye vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari. Saa hiyo lile bakuli la mezani ni dawa. Akizirai, asinyweshwe kitu; akimbizwe hospitali.

Nne, tusiwafanye wagonjwa kuwa watu wa pembeni. Wengine hutayarisha "chai ya mgonjwa" kwenye chupa yake, wakaiweka kando. Nia yao ni njema, lakini wagonjwa wengi wanaona haya kuomba chupa hiyo. Chupa iwe moja, chai iwe moja, na kila mtu awe na kijiko chake.

MIGUU IENDE ISHA, NA KIDOLE KIENDE KUPIMWA

Baada ya sukari kuhama, tuliongeza mazoea mengine mawili, nayo pia madogo.

La kwanza ni kwenda msikitini kwa miguu baada ya chakula cha jioni. Kutoka kwetu ni dakika 15 kwenda na 15 kurudi, na kwa vilima vya Nyamirambo hizo dakika 15 si mchezo. Ukifanya hivyo siku tano kwa wiki umetimiza dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kuushughulisha mwili kila wiki. Kutembea baada ya kula husaidia misuli kuitumia sukari iliyoingia katika damu. Tumeula mlo, tumeuendea msikiti, tumepata jamaa, na mwili umepata haki yake. Wanaobaki nyumbani nao wanaweza kuzunguka mtaa pamoja na watoto. Na sisi wakazi wa Kigali hatuna udhuru, kwa maana tangu mwaka 2016 tuna siku ya Jumapili ambapo barabara kubwa hufungwa kwa magari asubuhi ili watu watembee na kufanya mazoezi.

La pili ni kupima. Kwenye siku hizo za Jumapili watu hupimwa sukari na shinikizo la damu, na vituo vya afya vinapima pia. Ni tone moja la damu kwenye kidole. Sukari ya damu ikiwa 126 mg/dl au zaidi asubuhi kabla ya kula, na kipimo kikarudiwa kikaonyesha hivyo hivyo, hicho ni kisukari. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na katika bara letu la Afrika zaidi ya nusu ya wanaougua hawajui. Shangazi yetu alijua. Je, wewe unajua?

KWA WANAFUNZI WETU

Nyinyi mnaosoma bweni au mnaoishi geto karibu na chuo, tunajua chai na chapati ndiyo inayowafikisha mchana, na mfuko hauruhusu mengi. Hatuwaambii mnunue vyakula vya gharama. Tunawaambia mfanye mambo mawili. Kiu ikiwajia, anzeni na maji kabla ya soda. Soda moja ya mililita 300 mara nyingi ina gramu 30 za sukari au zaidi, ambazo ni kama vijiko vidogo saba. Hakuna kati yenu anayeweza kuvitia vijiko saba ndani ya kikombe kimoja bila kuona haya. Na mkiwa mnapika chai pamoja watu wanne chumbani, msitie sukari kwenye sufuria. Kila mtu atie kwake. Mtaokoa fedha, na ugomvi wa nani amemaliza sukari utakwisha.

OMBI LETU

Tunawaomba akina mama na akina baba, jaribuni mwezi mmoja. Pimeni kwanza mnachotumia sasa, kwa mzani wa dukani, mwandike kwenye karatasi mbandike jikoni. Kisha hamisheni sukari. Mwisho wa mwezi pimeni tena.

Tunawaomba pia viongozi wa misikiti na wanaoandaa harusi, hitima na futari za pamoja. Ramadhani tunajizuia mchana kutwa, kisha magharibi uji una sukari, chai ina sukari, juisi ina sukari, na tende zenyewe zimeshakuwa tamu. Tumefundishwa kula na kunywa bila ya kupita kiasi, na kuliachia tumbo nafasi ya kupumua. Masufuria ya chai ya jamaa yapikwe bila sukari, mabakuli yapangwe kwenye mikeka. Haigharimu kitu. Tena itapunguza gharama, na kilichobaki kinaweza kupelekewa familia ya mayatima.

Idi iliyopita shangazi yetu alikuja kwetu. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, magongo yake ukutani. Sinia ilipofika mbele yake, alijimiminia chai, akanusa tangawizi, akanywa. Hakumwomba mtu msamaha, hakueleza ugonjwa wake, hakusema "kidogo tu." Bakuli la sukari lilikuwa pale, akalisogeza kwa mgeni wa pili na kuendelea na mazungumzo yake.

Alikunywa vikombe viwili. Tulitamani tungeanza mapema.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azibariki nyumba zetu, na atupe nguvu ya kudumu katika mambo madogo yenye kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.